Kiburi cha Wale Waliosimama

Dhambi nyingi zina aibu yake. Mwizi hujificha gizani, mlevi huamka na kichwa kizito, mwongo hukwepa macho ya yule aliyemdanganya. Lakini iko dhambi moja isiyoona haya, kwa sababu hutembea imevaa mavazi ya wema. Huota juu ya sala, juu ya mfungo, juu ya sadaka, na hata juu ya mateso yaliyovumiliwa kwa ajili ya Mungu. Hiyo ndiyo dhambi ya kiburi cha kiroho. Haina haja na mtu mwovu, maana huyo amekwisha kunaswa kwa mitego mingine. Humvizia mtu mwema, tena siku ile ile alipotenda vema. Kwa hiyo leo twapenda kuwaalika wasomaji wetu kufikiri pamoja nasi juu ya swali moja: mtu aliyesimama imara wakati wenzake walipoanguka, je, aweza kujua kwamba alisimama, bila ya kuharibiwa na kujua huko?

Swali hili ni la kale kama Kanisa lenyewe. Katikati ya karne ya kwanza Mtakatifu Paulo alilazimika kuwaonya Wakristu wa Korinto. Walikuwa wamebatizwa kama juzi tu, lakini tayari walijivunia walimu wao, elimu yao na vipaji vyao, hata kwenye meza ya Bwana wengine wakashiba na wengine wakakaa na njaa. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo Kanisa la Roma liliwaandikia tena Wakorinto, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamewaondoa wazee wao madarakani. Hata hivyo, kiburi cha Korinto kilikuwa kiburi cha watu ambao hawajajaribiwa sana. Kilicho kigumu zaidi kutambulika ni kiburi cha wale waliokwisha kujaribiwa wakashinda. Hicho kilionekana wazi katika karne ya tatu, tena katika bara letu hili la Afrika, mjini Karthago, karibu na mji wa Tunis wa leo.

Mwishoni mwa mwaka 249 au mwanzoni mwa mwaka 250, Kaisari Decius aliamuru kwamba watu wa dola ya Roma waitolee miungu sadaka. Kila mtu alipaswa kufika mbele ya wakuu wa mahali pake, amwage kinywaji cha tambiko, atoe sadaka, aonje nyama yake, kisha apewe hati ya kushuhudia kwamba ametii. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo, zilizoandikwa katika miezi ya Juni na Julai mwaka 250, zimefukuliwa katika mchanga wa Misri. Mojawapo ni ya mwanamke aliyekuwa kuhani wa mungu wa kipagani. Ndiyo kusema amri hiyo haikuwahusu Wakristu peke yao. Lakini kwa mpagani ilikuwa usumbufu wa siku moja, na kwa Mkristu ilikuwa kuchagua baina ya Kristu na maisha yake.

Kanisa lilikuwa limezoea amani, nalo halikuwa tayari. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago, aliandika kwa uchungu kwamba wengi hawakungoja hata kukamatwa. Walikimbilia uwanjani wenyewe. Na wakuu walipotaka kuwaahirisha mpaka kesho yake kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia, waliwasihi wasicheleweshwe. Wazazi waliwabeba watoto wachanga mikononi na kuwatia katika tendo lile. Wengine hawakutoa sadaka, bali walinunua hati kwa fedha, wakidhani kwamba mkono usipogusa ubani, roho nayo itabaki safi.

Walikuwako pia waliokataa. Baadhi yao waliuawa, nao ni mashahidi. Wengine walifungwa na kuteswa, lakini hawakufa, na hao Kanisa liliwaita waungama dini. Tusifanye haraka kuwahukumu. Mmoja wao, Lucianus, aliandika kutoka gerezani Karthago kwamba walikuwa wamesongamanishwa katika vyumba viwili ili wafe kwa njaa na kiu, na joto la msongamano lilikuwa halivumiliki. Akataja majina ya wenzake waliokwisha kufa. Wema wa watu hao haukuwa wa midomo tu. Walilipa kwa miili yao kile ambacho wengi wetu hatujaombwa kulipa. Na hapo ndipo penye shida: laiti ushujaa wao ungalikuwa wa uongo, kiburi chao kingalikuwa rahisi kukanushwa. Kiburi hiki kilisimama juu ya jambo la kweli.

Ilikuwa desturi ya zamani kwamba Mkristu aliyeanguka aweza kumwendea shahidi gerezani na kumsihi amwombee. Shahidi alimwandikia Askofu barua ya kumpendekeza. Askofu, pamoja na mapadre na waamini, alipima toba ya mtu huyo. Halafu, wakati wake ulipofika, aliwekewa mikono na kurudishwa kwenye Ekaristi Takatifu. Desturi hiyo ilikuwa njema, kwa maana iliwaunganisha wenye nguvu na wanyonge katika mwili mmoja. Lakini katika mwaka 250 iligeuka. Shahidi mmoja aitwaye Paulus alikuwa amemwachia Lucianus agizo kwamba kila atakayeomba amani baada ya kifo chake apewe kwa jina lake. Barua zikaanza kumiminika. Sipriani alilalamika kwamba zilitolewa kila siku kwa maelfu, bila ya uchunguzi, na kwamba nyingine hazikutaja hata majina, bali ziliagiza tu kwamba fulani apokewe pamoja na watu wake. Ni nani awezaye kuhesabu watu wa mtu? Mwisho waungama dini waliandika barua moja kwa niaba ya wote, wakimjulisha Askofu wao kwamba wamewapa amani wote walioanguka, na kumwagiza awaarifu Maaskofu wengine. Waliongeza, kweli, sharti kwamba Askofu auchunguze mwenendo wa kila mmoja. Lakini uchunguzi huo ungekuwa na maana gani, watu wakiwa wamekwisha kuushika msamaha mkononi? Katika miji mingine umati wa walioanguka uliwasonga viongozi wa Kanisa, ukidai upewe papo hapo kile ambacho mashahidi wamekwisha kuutunuku.

Yatupasa kuona vema kosa lilikuwa wapi. Si katika huruma, maana huruma ni ya Mungu. Kosa lilikuwa katika kutoa kwa jina langu kitu kisicho changu. Muungama dini aliyatazama majeraha yake, akayaona ni mali, akaanza kuyatumia kama mwenye duka atumiavyo fedha zake. Na walioanguka walipoteza kitu kikubwa bila ya kujua: walinyimwa njia ya toba. Waliambiwa kwamba jeraha limepona, kumbe lilikuwa limefunikwa tu. Wakati huohuo Sipriani alisikia habari kwamba baadhi ya waungama waliofunguliwa gerezani walikuwa wakilewa na kugombana, kana kwamba mateso yao yalikuwa yamewanunulia ruhusa ya kuishi wapendavyo.

Lakini katika gereza lile lile alikuwako mtu mwingine. Mappalicus alikufa akiwa katika mateso, naye alikuwa na haki ya kuandika barua kama alivyokuwa nayo mtu yeyote. Sipriani ashuhudia kwamba hakuandika barua yoyote ya kuvunja utaratibu wa Kanisa. Kwa upendo wa nyumbani aliomba tu kwamba mama yake na dada yake, ambao walikuwa wameanguka, wapewe amani. Hebu tufikiri jambo hili. Mtu anakufa kwa ajili ya imani ambayo mama yake mzazi ameikana. Angaliweza kumkasirikia, angaliweza kufa huku akijihesabu kuwa ndiye wa pekee katika jamaa yake aliyestahili kuitwa Mkristu. Pumzi yake ya mwisho aliitumia kumwombea mama.

Tena yuko Celerinus. Huyu alifungwa huko Roma siku 19, miguu yake ikiwa katika pingu, akatoka hai. Lakini barua yake kwa Lucianus haikuwa ya mshindi. Aliandika kwamba Pasaka ya mwaka ule ilimpita katika machozi, usiku na mchana, katika magunia na majivu, kwa sababu ya kuanguka kwa dada mmoja. Aliwaombea dada wawili, Numeria na Candida. Mmojawapo alikuwa ametoa fedha ili asilazimishwe kutoa sadaka. Viongozi wa Kanisa la Roma walikuwa wamesikiliza shauri lao, wakawaambia wangoje mpaka Askofu mpya apatikane, kwa maana Papa Fabiani alikuwa amekufa shahidi tarehe 20 Januari 250. Na wanawake hao walifanya nini katika kungoja? Walishuka bandarini kuwapokea Wakristu waliofukuzwa kutoka Afrika, wakawahudumia watu 65. Walioanguka waliwalisha waliosimama! Celerinus aliyaona hayo, wala hakuona ni aibu kwamba mtu wa pingu awalilie wanawake walionunua usalama wao. Baadaye Sipriani alipotaka kumpa daraja ya Msomaji, alisita kuipokea. Hakukana kwamba aliteswa, kwa maana unyenyekevu si kusema uongo juu ya nafsi yako. Alijua alichotendewa na Mungu, na kwa sababu alikijua kuwa ni tendo la Mungu, hakukigeuza kuwa fimbo ya kumpigia mwingine.

Sasa tuvuke bahari twende Roma, ambako kiburi hicho kilizaa tunda la namna nyingine. Kiti cha Mtakatifu Petro kilikaa wazi zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo padre mmoja mwenye elimu kubwa, Novatianus, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya Utatu Mtakatifu, alikuwa miongoni mwa wenye kuongoza, na barua aliyoiandika kwa Sipriani kwa niaba ya mapadre wa Roma ilikuwa ya busara na kiasi. Mwaka 251 Korneli alichaguliwa kuwa Papa. Novatianus hakukubali. Akajifanya Askofu wa kushindana naye, akafundisha kwamba walioabudu sanamu waweza kulia na kutubu maisha yao yote, lakini Kanisa lisiwarudishie amani kamwe. Wafuasi wake walijiita watu safi. Nao waungama dini kadhaa wa Roma, akina Maximus, Urbanus, Sidonius na Macarius, ambao walikuwa wamekaa gerezani karibu mwaka mzima, wakaenda upande wake.

Mtu aweza kusema kwamba Lucianus na Novatianus walikuwa kinyume kabisa, kwa kuwa mmoja alifungua mlango kwa wote na mwingine aliufunga kwa wote. Twaona kwamba mzizi ulikuwa mmoja. Wa kwanza alimwambia mwenye dhambi: mateso yangu yakutosha. Wa pili alimwambia: usafi wangu haukuvumilii. Katika maneno yote mawili, mimi ndiye niliyekaa katikati, na Kristu amesogezwa pembeni. Wa kwanza alimnyang’anya aliyeanguka toba yake, wa pili akamnyang’anya msamaha wake. Na yule maskini aliyeanguka alisimama mlangoni akiwa na mikono mitupu mara zote mbili.

Yawezekana msomaji atuulize: je, ukali hauna haki yake? Ikiwa aliyekimbilia madhabahu ya sanamu na aliyekufa kwa njaa gerezani watakaa pamoja kwenye meza moja, imani ya yule wa pili ilikuwa na faida gani? Swali hilo si la kudharauliwa. Ndilo swali la kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, aliyefanya kazi miaka yote, kisha akasikia ngoma za karamu ya mdogo wake. Baba hakumwambia kwamba kazi yake ilikuwa bure. Alimkumbusha kwamba vyote vilivyo vya baba ni vyake. Thawabu ya aliyesimama ni kwamba hakutengana na Baba. Akidai thawabu nyingine zaidi ya hiyo, yaani kumwona ndugu yake akibaki nje, basi aonyesha kwamba hakumtumikia Baba kwa upendo, bali kwa hesabu.

Kanisa halikufuata njia ya urahisi wala njia ya ukatili. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 251, wakaamua kwamba kila shauri lisikilizwe peke yake. Walionunua hati waweza kupokewa baada ya kuchunguzwa. Waliotoa sadaka waendelee na kitubio, nao wasinyimwe amani wakiwa katika hatari ya kufa. Kwa nini lipimwe shauri moja moja? Kwa sababu yule aliyekimbia mbio uwanjani si sawa na yule aliyeteswa siku nyingi mpaka mwili ukashindwa, wala yule aliyewaburuta watumwa wake kwenye sadaka si sawa na yule aliyejitoa yeye mwenyewe ili mke na watoto wasiguswe. Mwenye kiburi huwaona walioanguka wote kuwa kundi moja. Mchungaji huwaona mmoja mmoja.

Sipriani mwenyewe hakuwa na kovu la kuonyesha. Wakati wa dhuluma ya Decius alikuwa amejificha, akiongoza Kanisa kwa barua, na wako waliomdharau kwa sababu hiyo. Hata hivyo aliwaambia waungama dini jambo lililowapasa kulisikia: kwamba kuungama imani ni mwanzo wa utukufu, wala si mwisho wake, na kwamba aliyeshinda jana bado yumo vitani leo. Wahenga wetu walisema hayo hayo kwa maneno mafupi, hujafa hujaumbika. Shahidi amekwisha kufika. Muungama dini yungali njiani pamoja nasi sote, na shetani aliyeshindwa kwa mlango wa mateso huzunguka ajaribu mlango wa sifa. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, na safari ile hakukwepa kifo.

Waungama dini wa Roma walitambua haraka mahali walipofikishwa. Walirudi kwa Papa Korneli, wakakiri mbele ya watu kwamba wamepotea. Korneli alimwandikia Sipriani kwamba waamini walilia kwa furaha na kuwakumbatia kana kwamba wametoka gerezani siku hiyo hiyo. Na Maximus alirudishwa katika upadre wake. Twadhani kwamba watu hao walionyesha ushujaa mkubwa siku ile. Gerezani walikuwa wamekataa kumwinamia Kaisari. Sasa walikubali kuiinamisha sifa yao wenyewe mbele ya ndugu zao. Sipriani naye aliwapongeza, akawakumbusha kwamba yatupasa kujitahidi tuwe vyombo vya dhahabu katika nyumba ya Bwana, lakini kuvivunja vyombo vya udongo ni kazi ya Bwana peke yake.

Tena tutazame lile Kanisa ambalo Novatianus aliliona limechafuka mno. Korneli aliandika kwamba lilikuwa na mapadre 46, na lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Kati ya waliopika, waliogawa na waliopokea, hapana shaka walikuwamo wengi waliokuwa na hati ya Decius katika kumbukumbu ya aibu yao. Lakini maskini walikula.

Wale waliojiita watu safi hawakutoweka mara moja. Walikuwako hata wakati wa Mtaguso wa Nisea mwaka 325, na Mtaguso ule uliwawekea masharti ya kurudi: wakubali kushirikiana na walioanguka ambao wametimiza kitubio chao. Mwanahistoria Socrates, aliyeandika katika karne ya tano, asimulia kwamba Kaisari Constantinus alimhoji Askofu mmoja wao, jina lake Acesius, kwa nini ajitenga. Acesius alipokwisha kueleza ukali wa chama chake, Kaisari alimjibu kwamba, ikiwa ni hivyo, na asimamishe ngazi, apande mbinguni peke yake. Sisi tuna methali, mpanda ngazi hushuka. Lakini hata asiposhuka, atakuwa na raha gani huko juu asikotaka kukutana na mtu?

Basi, ndugu wasomaji, turudi kwenye swali letu. Aliyesimama aweza kujua kwamba alisimama. Hakuna dhambi katika ukweli. Mappalicus alijua, Celerinus alijua. Lakini iko alama moja ya kupimia, nayo haimo katika maneno tunayosema juu ya nafsi zetu, kwa kuwa hata kiburi hujifunza kuongea kwa unyenyekevu. Alama hiyo ni aliyeanguka mwenyewe. Akitukaribia, je, aona njia ya kurudi kwa Mungu imekuwa fupi zaidi, au imezibwa?

Katika parokia zetu wako waliodumu katika ndoa moja miaka mingi, walioshika Jumapili zao, waliokataa kwenda kwa mganga wakati mtoto alipougua na jamaa wote wakawashauri waende. Tunawashukuru, na wema wao ni wa kweli. Tunawaomba tu wajiulize wanatenda nini siku ile anapoingia kanisani yule aliyekaa miaka 20 bila ya Sakramenti, au binti aliyezaa kabla ya ndoa, au mzee aliyemfukuza mke wake wa kwanza na sasa ataka kutengeneza mambo yake. Huyo hukaa benchi la nyuma. Tusimwambie kwamba hakuna lililotokea, maana huko ni kumdanganya, na Kitubio kipo kwa ajili yake. Wala tusigeuke kumtazama mpaka ajute kwamba alikuja. Tumsogelee, tumpe mkono, tumsaidie kumfikia padre, tusali kwa ajili yake kama Celerinus alivyosali. Halafu tupige magoti kando yake, maana na sisi bado hatujafika.